Chef wa Kazi Zilizolala

Mtu msafi kuliko wote niliowahi kuwajua ndiye aliyemkosesha Maman Salima shamba lake la mpunga, na hakutumia wakili wala panga. Alitumia kitambaa cha kufutia vumbi na sentensi moja fupi. Nikisema msafi, naomba mniamini, ingawa pale ofisini waliniita Redio kwa sababu nikiona panya nasimulia ng'ombe. Huyu sihitaji kumwongezea chumvi. Alikuja akiwa amekolea.

Tulimwita Chef, yaani mkubwa, ingawa mkubwa wa ofisi hakuwa yeye. Mkubwa alikuwa Prezida wa kooperative ya mpunga, mwenye tumbo na gari. Chef alikuwa wa mashini tu, yaani kompyuta na ile sisteme iliyokaa ndani yake. Lakini Prezida akipita watu walisimama kwa kuogopa, na Chef akipita walisimama kwa sababu suruali yake ilikuwa na mkunjo ulionyooka hivi kwamba ungekata nao nyanya.

Ofisi yetu ilikuwa katika bonde la Bugarama, kando ya barabara ya malori ya sementi. Vumbi lile lilikaa juu ya meza, juu ya mkate, juu ya nyusi za mlinzi wetu, ambaye Ijumaa alikuwa babu mwenye mvi na Jumapili, akishaoga, kijana wa kuoa. Chef alipigana nalo kama mtu anayepigana na ndugu yake, bila kuchoka na bila kushinda. Kompyuta alizivisha vitenge vya zamani vya mke wake, kwa hiyo mgeni akiingia asubuhi na mapema angedhani kina mama wamepangwa ukutani wanangoja daktari. Kisha Chef alizivua moja moja, akafuta uso wa mashini, akafuta vidole vyake vya kuandikia, akageuza ile panya ya kompyuta na kuifuta tumbo. Alikuwa na viatu vya njiani na viatu vya ndani. Wa kwanza kuthubutu kuingia chumbani mwake na matope ya shambani nilikuwa mimi, na wa mwisho pia.

Nilimjua kwanza kama mwalimu. Mchana nilikuwa napakia mifuko ya sementi, jioni naenda shule ya watu wazima kujifunza kompyuta katika darasa la kuazima, nikiwa mweupe kichwa hadi magoti. Alinisimamisha mlangoni kila siku.

"Jikung'ute, mwana. Mashini haina ndugu ku kiwanda."

Nilijikung'uta hadi wanafunzi wenzangu wakakohoa. Bila yeye ningekuwa bado chini ya mfuko. Alinifundisha kuandika bila kutazama vidole, akanifundisha sisteme ni nini, na nilipopata cheti ni yeye aliyeniombea kiti cha mapokezi pale kooperative. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani namchukia. Ningemchukia, ningelala vizuri.

Kitu ambacho hakukivumilia, zaidi ya vumbi, ni maneno makubwa. Jioni moja nilichelewa darasani, nikasema mvua imenyesha Nyakabuye hadi daraja likaogelea.

"Daraja liliogelea?"

"Karibu, Chef."

"Uliona ama ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi sema: nimesikia mvua imenyesha Nyakabuye. Kaa chini. Sema ile unaona. Ile hauoni, ache."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake, na aliifuata hata mahali ambapo watu wenye busara huiacha mlangoni. Kwenye harusi ya mwenzetu mmoja, kule Giheke, msemaji wa upande wa bwana harusi alikuwa anapaa. Alizisifu ng'ombe za mahari, pembe zake, mwendo wake, jinsi zilivyojaza bonde hadi majirani wakakosa njia. Akapumua kidogo, na katika ukimya ule sauti ya Chef ikasikika wazi kama kengele ya kanisa: "Ni ng'ombe moja. Na iko na mimba."

Mahema yalicheka nusura yang'oke. Msemaji alikaa chini na hakuna aliyemsikia tena siku ile, labda hata mwaka ule. Tangu hapo watu wa bonde lote walimwamini Chef kuliko mizani. Wakigombana nani alifungua maji ya kanale, ule mfereji wa mashamba, kabla ya zamu yake, walisema, "Tumuulize Chef, yule haongeze." Waislamu walimuita awe shahidi, Wakatoliki walimuita awe shahidi. Mimi, kwa upande wangu, waliniita wakitaka kucheka. Nilikuwa nimewahi kuwaambia kwamba chura wa kanale kubwa amemeza bata, na niliwaonyesha hata manyoya. Manyoya yalikuwa ya kweli.

Nyumbani kwake ungedhani umekosea mlango. Yule mtu wa kitambaa na mkunjo wa suruali hakuweza kutupa kitu. Chini ya kitanda kulikuwa na redio zisizo na sauti, na nyuma ya mlango mifupa ya miavuli. Kulikuwa na vibao vya kuandikia vya kompyuta vilivyong'oka meno, viatu vya watoto ambao wamekwisha kuwa na watoto wao, vifuniko vya kalamu ambazo zilikufa kabla sijazaliwa. Waya zilijaa hadi kwenye sufuria. Mke wake alinikaribisha chai na kunionyesha mahali pa kukanyaga.

"Ku ofisi anafuta bintu ya bantu," alisema, "hapa kwangu anapanda bintu kama mihogo. Siku moja tutalala inje."

"Kila kitu hapa nakijua," Chef alijibu bila kuinua macho. "Ukiniuliza kiko wapi, nitakuambia."

"Nikuulize cha kufanya nini, na kimekufa?"

Aliokota skrubu sakafuni, akaitazama, akaitia mfukoni. Nilicheka sana siku ile. Sasa nikiikumbuka ile skrubu sicheki.

Sasa niwaambie kazi yenyewe, na nitajaribu kuisema kama yeye, bila mbawa.

Mkulima akija na ombi, mimi wa mapokezi niliandika jina lake kwenye sisteme na kupiga picha karatasi zake, kisha nikamrudishia. Ofisi yetu ilijivunia kwamba haitunzi karatasi wala haitoi risiti, tulimwambia mtu, "Jina lako limeingia, nenda nyumbani." Kutoka kwangu ombi lilijigawa kuwa kazi. Kazi ya kuhakiki ilimwendea mtu mmoja, kazi ya kupima shamba ikamwendea mwingine, na kazi ya kusaini ikafika kwa Prezida. Kila kazi ilikaa kwenye kompyuta ya mwenyewe ikiwa ya njano, ikichelewa ikawa nyekundu, na mwenyewe akibonyeza "imekwisha" ikawa kijani. Sisteme ilikuwa inatunza zote, hata za watu waliokwisha kuvuna, kula na kusahau. Ikazidi kuwa nzito. Ulikuwa unabonyeza jina la mtu, unaenda kunywa uji, unarudi, unakuta kile kiduara bado kinazunguka, na mkulima amesinzia kwenye kiti na kuota kwamba amehudumiwa.

Kwa hiyo mara moja kwa msimu Chef alisafisha. Kazi zote za kijani alizifuta kutoka kwenye ghala la sisteme, ili zilizo hai zipate nafasi ya kupumua. Aliziita kazi zilizolala. Alifunga mlango, akanywa chai isiyo na sukari, akafanya ishara ya msalaba. Sheria yake ilikuwa moja, na alitufundisha darasani hadi tukaiota: tazama kwanza, futa baadaye. Kwanza aliiamuru mashini imwonyeshe zile zitakazoondoka. Akazisoma. Ndipo akatoa amri ya kufuta. Akishamaliza alichukua kopi mpya na kuiweka juu ya kopi ya zamani, isibaki ile ya mwanzo.

Nilimuuliza kwa nini asitunze zote mbili, yeye ambaye nyumbani anatunza hata kifuniko cha kalamu.

"Kopi ya uchafu ni uchafu pia," alisema.

Na mambo yangeishia hapo, yangekuwa hadithi ya mtu wa ajabu kidogo, kama kusingekuwa na wageni.

Wageni walikuwa wakaguzi waliokuja kuona kama kooperative inafanya kazi, na kitu cha kwanza walichotaka kuonyeshwa ni ule ukurasa wenye rangi. Nyekundu zikiwa nyingi, tuliulizwa maswali. Basi ofisi yetu ilikuwa na desturi yake, ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua, hata mlinzi. Tuliiita kupaka. Siku moja kabla ya wageni, Prezida alikuja mlangoni kwa Chef.

"Chef, bageni banakuja. Nyekundu sitaki kuiona. Paka."

"Nitapaka. Kiisha nitarudisha."

"Rudisha, nani anakukataza?"

Na Chef, mtu wa kusema kile anachoona, alitoa amri moja na kazi zote nyekundu zikawa kijani, kana kwamba zimekwisha. Wageni walikuja, wakaona bonde lililochanua, wakanywa soda, wakaondoka. Kesho yake alizirudisha zote kuwa nyekundu, kila moja mahali pake. Aliweza kufanya hivyo mwaka hadi mwaka bila kukosea hata moja. Nilimuuliza siku moja kama hiyo si kusema kile asichokiona. Alisugua miwani.

"Sisemi kitu. Ni rangi njo inasema. Na inasema siku moja tu."

Ule mwaka ninaousimulia, mume wa Maman Salima alikuwa amefariki. Maman Salima ni mwanamke wa Bugarama, Mwislamu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Shamba lao lilikuwa pale kwenye mdomo wa kanale, ambapo maji hufika kwanza. Wenye mashamba ya mwisho wa kanale walilitazama lile shamba kama mtoto anavyotazama nyama ya mwenzake. Sheria ya kooperative ilisema hivi: mume akifa, mke aombe shamba liandikwe jina lake kabla ya mbegu za msimu unaofuata kupandwa. Asipoomba, shamba linarudi kwa kooperative na linapewa mwingine.

Maman Salima aliomba. Alikuja kwangu akiwa bado amevaa kanga ya msiba. Nilimpa kiti, nikapiga picha karatasi ya kifo, nikamwandika. Kazi ya kuhakiki ikatoka njano. Mwenye kuhakiki alikuwa mgonjwa, ikachelewa, ikawa nyekundu. Wageni wakaja, ikapakwa.

Mara hii ilitokea kitu ambacho hakijawahi kutokea. Wageni walikaa mbele ya kompyuta wakingoja kile kiduara kizunguke, wakangoja, soda zikapata moto mkononi, na mmoja akamuuliza Prezida kama sisteme nayo imestaafu. Prezida alitoka jasho la aibu ambalo lingemwagilia ekari. Wageni waliahidi kurudi asubuhi kuona kama imepona. Wao walipoingia tu garini, Prezida akaingia kwa Chef. Mimi nilikuwa mle ndani, nimeshika sahani ya chai.

"Safisha. Sasa hivi."

"Prezida, zile nilipaka sijazirudisha. Nikizirudisha, kesho bageni bataziona nyekundu, ndiyo maana nimeziacha. Nikisafisha leo zitaenda nazo."

"Zitaenda ngapi?"

Chef aliiamuru mashini imwonyeshe. Alitazama kwanza, kwa hilo namtetea mbele ya mtu yeyote. Orodha ilishuka na kushuka. Alisoma.

"Leo ziko mingi," alisema.

"Benyewe batarudia kuomba. Bonyeza, Chef, unataka nifukuzwe juu ya kiduara?"

Chef alitazama chai. Alisugua kibonyezo kwa kitambaa kwanza, kana kwamba kidole chake kinaenda kugusa kitu cha kanisani. Kisha akabonyeza. Sisteme ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Na kopi safi ikakaa juu ya kopi chafu.

Ni kweli wengi walirudia kuomba, wakanung'unika kidogo, yakaisha. Aliyetaka mbolea aliomba tena mbolea. Lakini Maman Salima hakuwa na habari. Aliambiwa jina limeingia, akangoja. Alipokuja kuuliza, mbegu zilikuwa zimekwisha kupandwa, na shamba la mdomo wa kanale lilikuwa limepewa shemeji wa Prezida, kijana ambaye hadi siku ile alikuwa anajua mpunga ukiwa umeiva kwenye sahani.

Maman Salima hakulia. Aliomba mkutano wa wanachama wote, na akapewa, kwa sababu mume wake alikuwa mtu wa watu. Tulikaa chini ya paa la kinu cha kukoboa mpunga, juu ya magunia, Waislamu na Wakatoliki na wale wa kiwanda waliokuja kusikiliza. Prezida alisema kwa upole kwamba yeye hana ubaya na mjane. Sheria ni sheria. Kama ombi lilifika kwa wakati, shamba litarudi leo hii.

"Na siye sote tuko na muntu moja hapa haongeze maneno," alisema. "Chef, simama. Dosiye ya ombi ya huyu Maman iko?"

Wazee waligeuza shingo. Chef alisimama, akavua miwani, akaifuta.

"Sisteme haionyeshi kitu."

Maman Salima alisimama pia. "Papa Chef, miye siulize ya leo. Nauliza kama zamani ilikuwaka."

"Naweza kusema tu ile naona, Maman. Sisteme haionyeshi kitu."

Hapo nilishindwa kukaa. Niliruka juu ya gunia na kupiga kelele. Nilisema ombi liliingia, nililiingiza kwa mikono hii, lilikuwa njano, likawa nyekundu, likapakwa kijani kwa ajili ya wageni, likafutwa mbele ya macho yangu nikiwa na sahani ya chai! Kila neno lilikuwa la kweli. Katika maisha yangu yote sijawahi kusema maneno mengi ya kweli kwa mfululizo kama siku ile. Kwa muda mdogo nilidhani wamenisikia.

Kisha sauti moja ikatoka nyuma, ya mzee mmoja mcheshi ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

"Redio! Na ile chura yako ilimezaka bata, nayo ilipakwa rangi gani?"

Walicheka wakashika mbavu. Walicheka hata watu waliompenda Maman Salima. Nilimtazama Chef nikidhani atanisahihisha, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake siku zote, kunisahihisha, alihitaji kusema tu, "Hapa hajaongeza." Alikuwa bado anafuta miwani.

Shamba likaenda.

Jioni ile nilimkuta chumbani mwake anazivisha kompyuta vitenge.

"Chef, umesema uongo."

"Rudia maneno yangu. Uongo uko wapi?"

Niliyarudia. Niliyageuza juu na chini kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Sikuliona.

"Unaona," alisema. Kisha, akiwa ananipa mgongo: "Nikisema nilipaka, batauliza nani alinituma, na tangu mwaka gani. Bageni batafunga kooperative. Bonde yote itauza mpunga wapi? Juu ya shamba moja?"

"Kwa hiyo ulihesabu."

"Nilihesabu." Alinyoosha kitenge kwenye pembe za mashini, pande zote zikawa sawa. "Funga mlango ukitoka. Vumbi."

Sikukaa sana baada ya hapo. Walinihamishia kinuni kupanga magunia, nikajihamisha mwenyewe hadi mjini Kamembe, ambako nina duka dogo la kuchapa barua za watu na kutoa kopi. Maman Salima alibaki bondeni. Msimu wa kwanza aliajiriwa kuamia ndege, akisimama kutwa na kopo na fimbo kufukuza ndege wasile mpunga, na shamba alilopewa kulinda lilikuwa jirani na lile la mdomo wa kanale. Alisimama akimtazama shemeji wa Prezida akilikosea. Baadaye alikusanya vijipesa akaanza kununua mchele kinuni na kuupandisha Kamembe kuuza kwa kopo. Akikohoa, aliniambia siku moja, bado anasikia ladha ya maji ya kanale ile.

Chef alistaafu kwa heshima. Walimpa saa ya ukutani. Alihamia Kamembe kwa binti yake, na nilisikia kwamba malori mawili yalibeba mizigo yake. Nimesikia, sikuona.

Juzi, mvua ilipokatika, nilipita sokoni kumsalimia Maman Salima. Alikuwa na habari. Prezida yule ameondoka, komite ni mpya, na Jumamosi kuna mkutano kule Bugarama: kila mwenye malalamiko ya shamba aje na shahidi mmoja wa kuaminiwa, na litarudishwa likithibitika.

"Miye nitakuja, Maman," nilisema.

Alinitazama kwa huruma kubwa sana. "Wewe, mwanangu, nakupenda. Lakini batauliza chura."

Nikacheka, maana ningefanya nini. Kisha nikamwona Chef anakuja katikati ya matope, viatu vya njiani miguuni, mkunjo wa suruali umenyooka vilevile, mfuko wa kitambaa mkononi. Amekonda. Niliinuka.

"Tulia," Maman Salima alisema kwa sauti ya chini. "Ule ni mukiriya wangu. Ananunua mchele kwangu kila wiki."

"Maman, unajua ni nani?"

"Unaniona kipofu? Haulize bei. Namupimia na kilima juu, mchele inamwangika. Kila wiki nangoja aseme. Anachukua, anaenda."

Chef alifika, akamwamkia, akaniona.

"Redio. Ungali unaongeza?"

"Nimepunguza, Chef. Siku hizi chura anameza kuku tu."

Karibu atabasamu. Na mimi, nikiona ule uso wa mwalimu wangu unalegea, nilimuuliza palepale, kabla sijapata akili ya kuogopa: dosiye ya Maman Salima ilikuwepo ama haikuwepo?

Alivua miwani. Akatafuta kitambaa.

"Karatasi ya kifo uliipiga picha imeinama upande wa kushoto," aliniambia. "Hukuinyoosha. Na jina la marehemu ulikosea herufi, ukarudia. Nilisema nitakuambia, sikukuambia."

Maman Salima aliweka kopo chini.

"Kwa hiyo uliiona."

"Niliiona, Maman. Iliingia mbele ya mbegu kupandwa."

Maman Salima hakupandisha sauti.

"Papa Chef, Jumamosi twende Bugarama. Useme vile umesema hapa. Hivi tu. Usiongeze hata kidogo."

"Maman, nilistaafu. Sina tena ruhusa ya kuingia mu sisteme."

"Sikuombe sisteme. Nakuomba kinywa."

Chef alivaa miwani. Alitazama magunia, akatazama matope kwenye viatu vyake, akanitazama mimi kama darasani, akingoja mwanafunzi amletee jibu. Mwishowe alifungua mfuko wake wa kitambaa na kuushika kwa mikono miwili.

"Nipimie tu kama siku zote," alisema.

Maman Salima alichota. Mchele ukapanda juu ya kopo, kilima kizuri cheupe. Akakitazama. Kisha akapitisha kiganja juu ya mdomo wa kopo, taratibu, kutoka upande wake hadi upande wa pili, na kilima chote kikarudi guniani. Akamimina kilichobaki mfukoni. La pili akalifanya hivyohivyo.

"Leo haina kilima," Chef alisema, maana alikuwa amekiona.

"Ya juu nimeifuta, Chef. Iko safi."

Alilipa, akafunga mfuko, akaenda akiruka madimbwi. Nyuma yake alikuwa amesimama mama mmoja ambaye hatukumjua, na mtoto mgongoni. Maman Salima alimchotea, akaongeza, akaongeza tena, hadi mchele ukamwagika juu ya vidole vyake na kuanguka kwenye matope.